Kivuli cha kukunja kwa wamama wa soko

Pale Sange, katika bonde la Ruzizi, saa sita ya mchana lengalenga imekwisha kunyauka, na mama anaitoa nusu bei. Juu ya ile hasara tulitengeneza kivuli cha kukunja: mianzi inayopishana kama mkasi, bulo ya chuma katikati, na bashi nyeupe ya mita 4 kwa 5. (Nyeusi inakaanga mboga.)

Cha kwanza kilitushinda. Tulitoboa mwanzi popote, ukapasuka. Sasa tunatoboa karibu na kifundo, polepole, halafu tunakaza kamba pande mbili za tundu. Upepo nao si mchezo! Kila mguu tunaufunga mfuko wa mchanga. Watu wawili wanakibeba, na usiku kinalala nyumbani, mbali na wezi wa bashi.