Muuaji wa Whitechapel na Dhana za Watu

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Agosti 1888, mwanamke aitwaye Mary Ann Nichols alitolewa nje ya nyumba ya kulala ya mafukara, mashariki mwa jiji la London, kwa kukosa peni nne za kitanda. Alikuwa amevaa kofia mpya, akaionyesha kwa kicheko na kusema kwamba pesa atazipata upesi. Kabla ya alfajiri maiti yake ilikutwa barabarani, mahali palipoitwa Buck's Row, mtaani Whitechapel. Alikuwa na umri wa miaka 43, mama wa watoto watano.

Katika wiki kumi zilizofuata waliuawa wengine wanne: Annie Chapman tarehe 8 Septemba; Elizabeth Stride na Catherine Eddowes usiku mmoja, tarehe 30 Septemba; na Mary Jane Kelly tarehe 9 Novemba, chumbani mwake. Aliyewaua hakukamatwa, na hadi leo hajulikani.

Si desturi ya kurasa hizi za familia kusimulia visa vya damu, na habari za majeraha tutaziacha, kwani maiti husitiriwa. Lakini vijana wetu wanakijua kisa hiki kwa filamu na michezo ya kompyuta, nao hukijua kwa swali moja tu: alikuwa nani? Sisi twataka kuangalia swali hilo lenyewe limewafanya nini watu tangu lilipoanza kuulizwa.

Tuanze na jina. Mwishoni mwa Septemba 1888, shirika moja la habari jijini London lilipokea barua iliyoandikwa kwa wino mwekundu na kutiwa saini ya Jack the Ripper, yaani Jack Mpasuaji. Baadaye wakuu wa polisi waliamini kwamba barua ile iliandikwa na mwandishi wa habari. Basi hata jina ambalo dunia nzima inamwitia muuaji huyu huenda lilibuniwa ili magazeti yauzike.

Kabla ya jina hilo palikuwa na jingine, Aproni ya Ngozi. Uvumi ulienea kwamba muuaji ni mshona viatu Myahudi mwenye kuvaa aproni ya kazi, na magazeti yakaupepea moto. Whitechapel wakati ule ilikuwa imejaa Mayahudi waliokimbia dhuluma katika dola ya Urusi, watu maskini, wenye lugha ngeni na mavazi mageni. Ikawa ni rahisi kusema kwamba Mwingereza hawezi kutenda unyama kama ule. Mshona viatu mmoja, John Pizer, alikamatwa tarehe 10 Septemba. Alikuwa amejificha kwao kwa kuogopa umati. Uchunguzi ulipofanywa ikabainika kwamba usiku alipouawa Mary Ann, Pizer alikuwa mtaa wa mbali kabisa, akizungumza na askari polisi kuhusu moto uliokuwa ukiwaka bandarini. Shahidi wake ni askari! Ilibidi asimamishwe mbele ya mahakama ya uchunguzi wa vifo ili asafishwe hadharani, na hata hivyo jina lake lingali likitajwa katika kila kitabu cha kisa hiki.

Usiku wa tarehe 30 Septemba, kipande cha aproni ya Catherine Eddowes kiliokotwa mlangoni mwa nyumba moja ya Goulston Street, na juu yake ukutani palikuwa na maneno ya chaki yaliyowataja Mayahudi. Mkuu wa polisi, Sir Charles Warren, aliamuru yafutwe kabla ya kupigwa picha, akihofia kwamba kukipambazuka watu watayasoma na kuwavamia majirani zao. Amelaumiwa sana kwa kupoteza ushahidi. Sisi hatuoni wepesi wa kumlaumu. Maneno yale hayakuwa na uthibitisho wowote wa kuandikwa na muuaji, na waliokuwa hatarini asubuhi ile walikuwa watu hai.

Aliyesoma Surat Al-Hujurat anajua jinsi dhana mbaya ilivyokatazwa, na sharia yetu humtaka mwenye kudai alete ushahidi. Tazama basi walivyofanya waliofuata. Mwaka 1894 afisa mmoja wa polisi, Melville Macnaghten, aliandika waraka wenye majina ya watuhumiwa watatu. Yeye aliingia kazini mwaka 1889, mauaji yakiwa yamekwisha. Wa kwanza alikuwa Montague Druitt, aliyekutwa amekufa katika mto Thames mwisho wa Desemba 1888. Macnaghten alimwita daktari wa miaka 41. Kumbe alikuwa wakili na mwalimu wa miaka 31. Wa pili, Michael Ostrog, mwizi na tapeli, ilikuja kugunduliwa kwamba wakati wa mauaji alikuwa kifungoni Ufaransa. Wa tatu alikuwa Kosminski, Myahudi wa Poland.

Baada ya hapo kila mwenye kalamu alijichagulia wake. Mwanamfalme Albert Victor, mjukuu wa Malkia Victoria, alitajwa ilhali kumbukumbu za ikulu zamuonyesha Uskoti siku ya mauaji mawili. Mchoraji Walter Sickert alishutumiwa kwa ajili ya picha zake. Na mwaka 2019 wanasayansi wawili walitangaza kwamba vinasaba vilivyopatikana katika shali inayodaiwa kuwa ya Catherine vyaelekea kwa Aaron Kosminski, kinyozi aliyeingizwa hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1891 na kufia katika maradhi hayo mwaka 1919. Magazeti yakashangilia. Lakini polisi waliorodhesha vitu vya Catherine kimoja kimoja, hata vipande vya sabuni, na shali hiyo haimo. Isitoshe, vinasaba vilivyopimwa ni vya upande wa mama, ambavyo watu wengi wasiojuana huwa navyo sawasawa. Kinyozi yule mgonjwa hana wa kumjibia.

Wakati huo wote waliouawa walipewa sifa moja tu, makahaba, kana kwamba hilo lingepunguza uzito wa roho. Mwanahistoria Hallie Rubenhold, katika kitabu chake *The Five* cha mwaka 2019, ameeleza kwamba kwa watatu kati yao hakuna ushahidi wa ukahaba. Kilichoonekana wazi zaidi katika maisha yao ni ulevi, ndoa zilizovunjika na umaskini.

Annie Chapman alikuwa mke wa mwendesha gari la farasi. Walikuwa na watoto watatu. Binti yao mkubwa alifariki mwaka 1882, akiwa na miaka 12, na mwana wao alizaliwa na ulemavu. Pombe ilikuwa imeingia nyumbani, na hatimaye Annie akaondoka. Mumewe alimpelekea shilingi kumi kila wiki, naye akajimudu. Mwishoni mwa mwaka 1886 pesa zilikoma kuja. Alipouliza akaambiwa mume amekufa. Tangu hapo aliishi kwa kufuma nyuzi na kuuza maua. Usiku wa mwisho alikuwa mgonjwa wa mapafu, na kama Mary Ann, alitolewa nje kwa kukosa pesa za kitanda.

Leo mitaa hiyo ina waumini wengi. Jengo la msikiti wa Brick Lane lilijengwa mwaka 1743 kuwa kanisa la wakimbizi wa Kifaransa, likawa sinagogi, na tangu mwaka 1976 ni msikiti wa Waislamu ambao wengi wao asili yao ni Bangladesh. Nao pia walionja kuchukiwa kwa ugeni: mwaka 1978 mshonaji nguo Altab Ali aliuawa Whitechapel na vijana wabaguzi, na bustani iliyo karibu imepewa jina lake. Katika vichochoro hivyo watalii hutembezwa jioni wakionyeshwa mahali palipomwagika damu. Mwaka 2015 palifunguliwa pia jumba la makumbusho katika Cable Street. Kibali kilikuwa kimeombwa kwa ajili ya historia ya wanawake wa eneo hilo. Pazia lilipoondolewa, likaonekana jina la muuaji. Kina mama waliandamana mlangoni.

Annie alizikwa na jamaa zake tarehe 14 Septemba 1888, katika makaburi ya Manor Park. Walifanya mazishi kwa siri, asubuhi, bila msafara wa magari, ili umati usiwafuate.