Yoga ya Kucheka kwa Muuguzi Msimamizi na Mlezi Aliyechoka

Leo tutazungumza juu ya uchovu wa wale wanaotunza wengine, na zoezi moja lisilo na gharama linaloweza kuupunguza. Zoezi hilo huitwa yoga ya kucheka.

Mama, wewe unayetoka hapa Dagoretti Corner kumpeleka mtoto kliniki Riruta au Mbagathi, bila shaka umewahi kumwona muuguzi msimamizi akipita mbio na makaratasi mkononi. Yeye ndiye anayepanga zamu, anayehakikisha dawa na chanjo zipo, na anayesikiliza malalamiko ya wagonjwa, ya wauguzi na ya wakubwa wake. Muuguzi mmoja asipofika kazini, pengo huzibwa na yeye. Jioni anarudi nyumbani, na huko pia wanamngoja. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: ukiutazama kwa mbali, waona ni mwepesi.

Mtu akibeba mzigo kama huo miezi mingi bila kupumzika, huchoka kupita kiasi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hali hii si ugonjwa, bali hutokana na msongo wa kazi wa muda mrefu usioshughulikiwa. Dalili zake ni tatu. Kwanza, mtu huishiwa nguvu. Pili, huichukia kazi yake au kuwa baridi kwa watu anaowahudumia. Tatu, huona kwamba kila afanyalo halifai. Shirika hilo lilizungumzia wafanyakazi, lakini mama anayemuuguza mtoto au mzazi asiyeinuka kitandani anazijua dalili hizi vizuri.

Jambo hili linatuhusu sote. Muuguzi aliyechoka hivyo anaweza kukosea kipimo cha dawa. Anaweza kumjibu mama kwa ukali, na mama huyo asirudi tena kwa chanjo inayofuata. Naye mlezi aliyechoka anaweza kumpiga mtoto kwa kosa dogo tu.

Sasa, kucheka kunaingiaje hapa? Mwaka 1995 daktari mmoja wa India, Madan Kataria, aliwakusanya watu wachache katika bustani mjini Mumbai wasimuliane vichekesho. Baada ya siku chache vichekesho vizuri viliisha, na vilivyobaki vikaanza kuwaudhi wengine. Ndipo akabuni njia ya kucheka bila kichekesho chochote, akichanganya kicheko na pumzi ndefu za yoga. Watu wakitazamana machoni, kicheko cha kujifanya mara nyingi hugeuka kuwa cha kweli. Pumzi huwa nzito, na baadaye misuli ya mabega na shingo hulegea. Wakati wa korona, wauguzi nchini Uturuki walijaribu zoezi hili kwa wiki kadhaa, na waliolifanya walipungukiwa na msongo kuliko wenzao ambao hawakulifanya.

Huenda ukauliza: kucheka bila sababu si wazimu? Wengine wamesikia habari za Kashasha, karibu na Bukoba, Tanganyika. Mwezi wa Januari 1962, wasichana 3 wa shule walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Hali hiyo ikawapata 95 kati ya wanafunzi 159, na mwezi wa Machi shule ikafungwa. Hakukupatikana kijidudu wala sumu, na wachunguzi wengi wameihusisha hali hiyo na msongo wa mawazo. Kicheko kile kilikuwa na kilio ndani yake. Yoga ya kucheka ni tofauti, kwa kuwa unaianza mwenyewe na unaikomesha mwenyewe.

Fanyeni hivi, wawili au zaidi, kwa dakika 10 hadi 15:

1. Simameni mkitazamana. Pigeni makofi mkisema "ho ho, ha ha ha".
2. Vuteni pumzi ndefu kwa pua, inueni mikono, kisha itoeni polepole. Rudieni mara tatu.
3. Salimianeni kwa mikono mkicheka, bila kusema neno.
4. Jifanyeni mnamimina chai kutoka kikombe kimoja hadi kingine, kisha mnakunywa na kucheka.
5. Malizeni kwa kukaa kimya, macho yamefumbwa, mkisikiliza pumzi zenu.

Wauguzi wanaweza kufanya hivi kabla ya kupokezana zamu, mbali na wagonjwa, wasije wakadhani wanachekwa. Nyumbani, waite watoto. Wao hawahitaji kufundishwa.

Lakini tahadhari. Usifanye zoezi hili ikiwa umepasuliwa karibuni, hata kwa kujifungua, au una ngiri, kizazi kimeshuka, una kifafa au mgongo unauma sana. Mjamzito na mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu wamwulize mhudumu wa afya kwanza.

Tena, kicheko hakiongezi wauguzi katika wodi wala hakiwapunguzii watu mzigo wa kazi. Msimamizi bado anahitaji siku yake ya mapumziko, na mkubwa wake anapaswa kumsikiliza. Mlezi naye anahitaji mtu wa kumpokea mgonjwa japo kwa saa mbili. Kwa hiyo, ukiwa na jirani anayeuguza, mpokee ili apumzike. Na wewe ukikosa usingizi wiki mbili, ukilia kila siku, au ukiwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje. Mwambie mtu unayemwamini, na ufike kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Leo jioni, kabla ya kuosha vyombo, jaribuni zile "ho ho, ha ha ha".