Bandama Inapovimba Ghafla: Dharura kwa Watoto Wenye Selimundu

TABORA. Wazazi wa watoto wenye ugonjwa wa selimundu wanashauriwa kujifunza kupapasa bandama za watoto wao kila siku, upande wa kushoto chini ya mbavu, kwa kuwa kuvimba kwake ghafla kunaweza kusababisha kifo ndani ya saa chache.

Bandama huchuja damu na kuukinga mwili dhidi ya vimelea. Katika selimundu, chembe nyekundu zilizojikunja huweza kuziba njia ndani yake, damu nyingi ikakwama humo. Hali hiyo haitokei mara nyingi, na huwapata zaidi watoto walio chini ya miaka mitano. Mtoto hupauka, huishiwa nguvu, huhema haraka na tumbo lake hujaa.

Utambuzi unahitaji umakini. Malaria nayo huvimbisha bandama, na utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionesha kuwa Tabora iliongoza nchini kwa maambukizi ya malaria kwa watoto wa umri huo, kwa asilimia 23. Kwa hiyo, kipimo cha malaria pekee hakitoshi. Daktari hupima pia wingi wa damu, huthibitisha selimundu na huweza kutumia kipimo cha ultrasaundi.

Tiba ya kwanza ni kuongezewa damu, kwa kiasi kidogo na kwa uangalizi, kwa sababu bandama huweza kuirudisha baadaye damu iliyokwama. Tatizo likijirudia, au tukio la kwanza likiwa kali, madaktari hufikiria upasuaji wa kuiondoa bandama. Mtoto mdogo sana aghalabu husubirishwa akue, kwani asiye na bandama hushambuliwa kwa urahisi na bakteria. Chanjo, ikiwemo ya nimonia, hukamilishwa angalau wiki mbili kabla ya upasuaji. Baada yake hutumia penisilini kwa muda atakaoelekezwa, na homa yoyote huwa dharura maisha yake yote.

Kwa familia za Urambo na Kaliua, kwenye njia ya kale ya misafara kuelekea Ujiji, safari hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Kitete ni ndefu. Mzazi aonapo dalili hizo asisubiri kupambazuke. Ampeleke mtoto kwenye kituo cha afya kilicho karibu na aeleze mapema kuwa ana selimundu.