Simu Hulala Huku Ikisikiliza

Je, huzima simu yako ili kutunza chaji? Mimi bwana shamba nilifanya hivyo. Mkulima mmoja akanipigia siku mbili kuhusu viwavijeshi. Nilipowasha simu, mahindi yake yalikuwa yamebaki mabua. Bado naona aibu kupita shambani kwake.

Simu isiyotumika haikai macho wakati wote. Hulala. Kisha huamka kwa kitambo kidogo sana na kuusikiliza mnara: je, nimeitwa? Kama haikuitwa, hulala tena. Katika mtandao wa 4G, mara nyingi huamka kila baada ya sekunde 1.28. Ingelala zaidi, chaji ingedumu zaidi, lakini anayekupigia angengoja mno. Kwa hiyo mafundi wamechagua kiasi cha katikati.

Nini basi humaliza betri? Mwanga mkali wa kioo ni mmoja. Upunguze. Lakini hapa kwetu vijijini adui mkubwa ni mnara ulio mbali. Mtu akimwita mwenzake aliye ng'ambo ya bonde hupaza sauti, naye huchoka. Simu nayo ni hivyo hivyo. Iweke dirishani au mahali palipoinuka, si ndani ya sanduku la bati.

Zima data usipoitumia. WhatsApp itasubiri, lakini wanaokupigia watakupata. Usibonyeze alama ya ndege, maana hapo huitwi kabisa.

Ukilima bondeni pasipo na mtandao hata kidogo, izime. Iwashe ukipanda mlimani.