Siri yako kwenye kompyuta ya watu

Umeona usaha unatoka sehemu za siri, na unaona noma kumwuliza mtu. (Zahanati utaenda tu, kompyuta haitibu!) Unaingia intaneti kafe, unafungua Chrome kwa hali fiche. Safi, ukifunga, kurasa ulizosoma hazibaki kwenye historia.

Lakini je, wajua viendelezi? Ni viprogramu vya nyongeza vinavyopachikwa kwenye Chrome. Katika hali fiche huwa vimezimwa, mpaka mtu aviruhusu. Na hapo kafe huyo mtu si wewe! Kiendelezi kilichoruhusiwa chaweza kusoma kurasa unazofungua na hata unachoandika.

Bonyeza vidoti vitatu juu, ingia kwenye viendelezi, kisha maelezo ya kila kimoja. Ukikuta swichi ya hali fiche imewashwa, izime kwanza, ndipo uulize.