Si kila mzee asahauye ameshindwa na umri

Mzee anapopotea njia aliyoizoea miaka yote, iwe ni Tulia katika Kaunti ya Kitui au katika vijiji vya Makueni, si ajabu jamaa zake wakasema ni uzee tu. Wengine hunong'onezana kwamba amerogwa. Huenda yote mawili si kweli.

Mzee akianguka na kujigonga kichwa, hata kidogo, damu inaweza kuvuja polepole kati ya ubongo na fuvu. Wiki kadhaa baadaye huanza kuchanganyikiwa, wakati ambapo kila mtu amekwisha kusahau ile ajali. Daktari wa upasuaji akiitoa damu hiyo kupitia tundu dogo, aghalabu mgonjwa hurudiwa na akili zake. Lakini ni lazima kwanza ionekane, na hapo ndipo picha za ubongo zinapohitajika.

Picha hizo hazihitaji kisu. CT scan hutumia eksirei na huonyesha damu upesi. MRI hutumia sumaku na mawimbi ya redio, na huonyesha hata jinsi ubongo unavyosinyaa. Katika ugonjwa wa Alzheimer, hipokampasi, sehemu inayohifadhi kumbukumbu, hupungua mapema. Hivyo watafiti huwapiga picha watu wale wale kwa miaka mingi ili kutenganisha uzee wa kawaida na maradhi.

Makueni si ngeni katika utafiti wa maradhi ya kusahau. Mradi wa STRiDE, ulioanza mwaka 2018, uliifikia kaunti hiyo. Maswali ya wahudumu wa afya ya jamii humtambua anayesahau, ila hayaelezi kwa nini anasahau.

Kikwazo ni mashine. MRI ya kawaida, yenye sumaku ya tesla 1.5 au 3, hudai chumba maalumu na umeme wa uhakika. Mwaka 2022, wataalamu huko Mbarara, Uganda, wakishirikiana na wenzao wa Uholanzi na Marekani, waliunda kwa siku 11 mashine ndogo ya takriban tesla 0.05, wakiwalenga watoto wenye maji kichwani. Picha zake si angavu za kutosha kupima hipokampasi kwa makini, lakini maji yaliyojaa ubongoni huonekana.

Kwa sasa, anayempeleka mzee hospitalini amweleze daktari kama aliwahi kuanguka, dawa anazomeza, na iwapo mabadiliko yalianza kwa siku chache au kwa miaka. Maelezo hayo ndiyo humfanya daktari aamue kama picha inahitajika haraka.