Mjumbe Asiye na Kura: Miaka 26 ya Faleomavaega

Katika kamati ya msikiti wetu mwakilishi wa akina mama huhudhuria vikao, huzungumza, na hoja zake huandikwa katika kumbukumbu. Unapofika wakati wa kupiga kura, mkono wake hauhesabiwi. Baada ya kikao kimoja aliniuliza: "Ustadhi, neno lisilo na kura lina faida gani?" Mimi ndiye katibu, na sikuwa na jibu la kumpa. Sehemu ya jibu nimeipata katika maisha ya mtu wa mbali sana na kwetu: Eni Faleomavaega, aliyekuwa mjumbe wa Samoa ya Marekani katika Baraza la Wawakilishi la Marekani tangu mwaka 1989 hadi 2015.

Samoa ya Marekani ni visiwa vidogo vya Bahari ya Pasifiki, vyenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 200 na wakazi wapatao 50,000. Kisiwa chake kikuu, Tutuila, kimo chini ya bendera ya Marekani tangu mwaka 1900. Wengi wa wazaliwa wake hubeba pasi ya Marekani, ilhali kisheria si raia wake, na wakiwa visiwani kwao hawamchagui rais. Wanachokichagua ni mjumbe mmoja. Mjumbe huyo huwasilisha miswada, huchangia mijadala na hupiga kura ndani ya kamati. Lakini Baraza zima linapopitisha sheria, yeye hana kura. Kuna vipindi ambavyo wajumbe wa aina hiyo waliruhusiwa kupiga kura katika hatua fulani ya mjadala. Hata hivyo, kanuni ilitaka kwamba ikiwa kura zao ndizo zilizoamua matokeo, upigaji kura urudiwe bila wao.

Faleomavaega alizaliwa mwaka 1943 katika kijiji cha Vailoatai, akakulia Hawaii. Jina la Faleomavaega ni la uchifu. Kwa kuzaliwa aliitwa Hunkin. Alitumikia jeshi la Marekani nchini Vietnam, akasomea sheria Houston na Berkeley, kisha akawa mwanasheria wa kamati ya Bunge iliyoshughulikia mambo ya visiwa. Kwa hiyo, kabla ya kukalia kiti alikwishajifunza nyumba ile kutoka ndani: nani huandaa ajenda, na mswada hukwama wapi. Mwaka 1985 akawa naibu gavana wa visiwa vyake.

Kiti alichokipata kilikuwa na doa. Mtangulizi wake, Fofo Sunia, alijiuzulu mwaka 1988 baada ya kukiri mahakamani udanganyifu wa mishahara ya wafanyakazi hewa. Mjumbe asiye na kura hana rasilimali isipokuwa kuaminiwa. Akiipoteza hiyo, hana alichobakiwa nacho.

Sauti yake aliitumiaje? Mwaka 1995 Ufaransa ilipoanza tena kulipua silaha za nyuklia huko Moruroa, hakutosheka na hotuba. Alipanda meli ya Greenpeace iliyokwenda kupinga majaribio hayo, akakamatwa pamoja na wenzake na askari wa Kifaransa. Kuanzia mwaka 2007 hadi 2011 aliongoza kamati ndogo iliyohusika na Asia na Pasifiki. Hapo ndipo faida ya kiti ilipodhihirika, kwani mwenyekiti ndiye anayeamua nani aitwe na nani asikilizwe. Mwaka 2008 aliitisha kikao kuhusu watu wa Vietnam walioathiriwa na sumu ya Agent Orange, iliyomwagwa na jeshi lile lile alilolitumikia. Mwaka 2010 aliitisha kingine kuhusu mateso ya watu wa Papua Magharibi mikononi mwa jeshi la Indonesia. Huenda baadhi yetu tukaona uzito kusikia lawama dhidi ya nchi yenye Waislamu wengi kuliko zote duniani. Lakini dhulma ni dhulma, na insafu haichagui jirani.

Hata hivyo, tusimpambe kupita kiasi. Uchumi wa Samoa ya Marekani ulitegemea viwanda vya kusindika samaki aina ya jodari. Sheria ya mwaka 2007 iliongeza kima cha chini cha mshahara visiwani humo kwa senti 50 za dola kila mwaka. Mwishoni mwa Septemba 2009 kiwanda kimoja kikubwa kilifungwa, na watu wapatao 2,000 wakapoteza kazi. Katika siku hizo hizo tsunami ikaua watu zaidi ya 30. Faleomavaega alihangaika hadi nyongeza za mwaka 2010 na 2011 zikasitishwa. Mfanyakazi aliyebaki kazini akakosa nyongeza. Aliyeachishwa hakurudishiwa kazi yake. Uamuzi mzito kiasi hicho kwa nyumba za watu wake ulipitishwa kwa kura za wengine.

Mwaka 2014 alishindwa na Amata Coleman Radewagen, mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho. Alifariki dunia Februari 2017, akiwa na umri wa miaka 73.

Basi, mama yangu uliyeniuliza, jibu langu ndilo hili. Neno lisilo na kura lina faida, iwapo mwenye nalo ni mwaminifu, amejifunza njia za kikao, na hanyamazi. Lakini faida hiyo isiwe kisingizio cha wenye kura. Miaka 26 ya juhudi haikuwapatia watu wa visiwa vile haki ya kuhesabiwa, kwa kuwa haki hiyo ilikuwa mikononi mwa wengine. Katika kamati yetu, walioishika ni sisi. Nimeliingiza jambo hili katika ajenda ya kikao kijacho, likiwa la kwanza.